Treni Iliyofungwa kwa Kamba Saba

Simu ya Faudhia ilimkuta babu yake, Mzee Mbwana, ameketi mbele ya nyumba yake pale Kabuku akichambua machungwa: mazuri upande wa kushoto, na upande wa kulia yale ya kuwauzia abiria wa mabasi ambao hawatarudi kulalamika.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Mbona sauti imekauka hivyo, huko Korogwe maji yamekatika?"

"Babu, ile hadithi ya treni uliyonisimulia imeniponza. Tangu Jumatatu mkufunzi anasema nimeiiba."

"Umeiiba kwa nani?"

"Kwa akili mnemba."

Hiyo akili mnemba Mzee Mbwana alikuwa ameisikia redioni, katikati ya habari za bei ya mahindi na habari za mpira. Alichokielewa ni kwamba kuna mashine imesoma kila kilichoandikwa duniani, na sasa inajibu maswali ya watu mchana kutwa, haichoki wala haiombi chai. Hilo halikumshangaza, maana ameishi miaka sabini na minne na ameona mengi, mengine kwa macho yake na mengine akiwa amefumba macho. Kilichomshangaza ni kwamba mashine ya namna hiyo, pamoja na shughuli zake zote, ilikuwa na habari za treni yake.

Kwa hiyo kitu cha kwanza alichokisikia moyoni kilikuwa furaha. Aliisikia mpaka kifua kikajaa.

"Kwa hiyo inaijua?" akauliza.

"Inaijua yote, babu. Kamba saba na kila kitu. Mkufunzi ameweka kazi yangu na majibu ya mashine pamoja, akasema ni mapacha. Alhamisi saa nne kuna kikao. Nimewaambia ulinisimulia wewe, wakasema basi uje mwenyewe useme."

"Na nisipokuja?"

"Nasimamishwa chuo babu. Imebaki miezi mitatu niwe mwalimu."

Mzee Mbwana akalitupa upande wa kulia chungwa alilokuwa ameshika, bila hata kuliangalia.

Mkewe, Bi Chausiku, alikuwa mlangoni na ungo wa mchele, na masikio yake yalikuwa hayajazeeka hata kidogo. Akangoja simu ikatwe.

"Mdomo wako umemfikisha mtoto wa watu kwenye kesi," akasema.

"Si mtoto wa watu. Ni mjukuu wangu."

"Ndiyo vibaya zaidi. Alhamisi utakwenda, utasema kweli tupu. Ukiongeza hata punje moja, usirudi na basi. Rudi na hiyo treni yako."

*

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Mzee Mbwana alifanya kazi miaka thelathini na mmoja kwenye shamba la mkonge upande wa Korogwe, karani wa mizani, anapima mkonge na kuandika. Shule aliiacha darasa la pili. Kusoma alijifundisha mwenyewe kwa magazeti yaliyofungiwa nyama. Na kwa kuwa mizani haina maneno mengi, maneno yote ya siku aliyamaliza kwa wenzake. Alikuwa akisema kwamba siku treni ya kwanza ilipolala pale shambani, wafanyakazi walihofia itatoroka usiku, maana hawajawahi kuona chombo kinachotembea bila kusukumwa. Basi wakaifunga kwenye nguzo za stesheni kwa kamba saba za mkonge, nene kama paja. Mnyamwezi mmoja aitwaye Dominiko akalala ameshika ncha ya kamba ya saba, kama mtu anayelinda mbuzi wa mahari. Alfajiri treni ikaondoka, na stesheni ikaifuata. Mkuu wa stesheni alikuwa dirishani na kikombe cha chai. Alifika kituo cha mbele na chai yake haikumwagika.

Miezi miwili nyuma Faudhia alikuja Kabuku na kaunta buku jipya. Chuo kilikuwa kimewapa kazi ya kuandika historia ya mahali wanapotoka, na kazi hiyo inahesabiwa kwenye matokeo ya mwisho. Akakaa na babu yake Jumamosi na Jumapili, anauliza, anaandika. Babu akampa habari za kambi za wakata mkonge, za njaa, za mvua, za kiwanda. Treni nayo akaiingiza humo humo, katikati ya mambo ya kweli, kama mtu anayechomeka chungwa la upande wa kulia kwenye tenga la upande wa kushoto. Hakumwambia ni utani. Alitaka kumwambia. Halafu akaona jinsi mtoto anavyoandika kwa bidii, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo, akaona aibu kumkatiza.

Alhamisi ndani ya basi alikuwa na mambo mawili kichwani na hayakutaka kukaa kiti kimoja. Akisema treni ile ni kweli, watasema basi mashine nayo inajua kweli, na binti ameinakili kutoka huko. Akisema ni uongo, watasema binti amewaletea uongo chuoni. Akageuza kushoto, akageuza kulia. Na kila alipolikaribia jibu, likazuka swali ambalo hakuwa na njia nalo kabisa: mashine ilijuaje? Yeye hajawahi kuandika hadithi ile popote. Aliisimulia kwa mdomo, kwa watu ambao wengi wao sasa wako chini ya udongo.

Basi lilipopita Segera ndipo akamkumbuka kijana mmoja aliyewahi kuja shambani na kinasa sauti.

*

Faudhia alimpokea stendi ya Korogwe, wakatembea kwa miguu kupita mtaa wa Manundu, kwenye vibanda vya kuchapishia kazi za wanafunzi, wanafunzi wamepanga foleni na flashi mikononi. Chuo kilikuwa kidogo, nje kidogo ya mji, na miti imepandwa kwa mstari kama askari.

"Babu," Faudhia akasema walipokaribia geti, "ile hadithi ni ya kweli, sivyo?"

"Tutembee haraka, saa nne hiyo."

"Babu."

"Nimesikia."

Ofisini kulikuwa na watu wawili. Mmoja ni mkufunzi wa Faudhia, Mwalimu Nicolaus, kijana wa miaka thelathini na kitu, shati limepigwa pasi mpaka mikono imesimama kama ubao. Mwingine ni mkuu wa taaluma, Madam Catherine, mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Wakasimama wote wawili, wakasema shikamoo mzee, wakampa kiti kizuri. Mzee Mbwana alikuwa amejiandaa kukuta watu wakali. Upole ule ulimvuruga zaidi.

"Mzee wangu," Nicolaus akaanza, "sina ugomvi na binti yako. Nina wanafunzi arobaini na sita. Ishirini na tisa wameniletea kazi zinazoanza kwa sentensi ile ile moja. Nikimwuliza mtu maana ya alichoandika, ananiangalia kama mimi ndiye niliyemwandikia. Nimefika mahali sijui nani anafikiri na nani anasukuma tu kitufe. Hebu sikiliza."

Akagusa simu yake, akaiuliza habari za shamba lile na treni. Sauti ya mwanamke ikajibu, laini, haina kikohozi. Ikasema kwamba mwaka 1934 wafanyakazi wa mkonge walikuwa na desturi ya kuifunga treni kwa kamba saba, ishara ya umoja na mshikamano wao, na kwamba mlinzi wa kamba ya saba alipewa heshima ya pekee katika jamii.

Mzee Mbwana alisikiliza kama mtu aliyemwona mwanawe aliyepotea akitokea amevaa suti na kuongea kizungu. Sura ni yake, lakini amefunzwa nini huko?

"Mwaka huo mimi sijazaliwa," akasema. "Na Dominiko hajazaliwa. Na heshima gani? Alilala na kamba mkononi, asubuhi akaamka na kamba."

"Kwa hiyo ilitokea, ila si mwaka huo," Nicolaus akasema, kalamu tayari.

Faudhia alimgeukia babu yake. Nje mtu alikuwa akifagia majani, na ufagio ulisikika shwaa, shwaa, kama unamhimiza.

"Haikutokea," akasema Mzee Mbwana.

Akawaeleza. Dominiko alifariki mwaka ule wa mvua zilizong'oa daraja. Alikuwa Mnyamwezi, Mkristo, amekuja Tanga kukata mkonge akiwa kijana na hakurudi kwao tena. Mbwana ni Mzigua. Na Mzigua na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za mababu waliobeba mizigo, kwa hiyo siku ya mazishi Mbwana alifanya kazi yake ya utani kama inavyopaswa. Alikaa juu ya kifusi cha kaburi akakataa kuondoka. Alimwambia katekista asimzike huyu, atawafundisha uvivu waliotangulia. Halafu akasimulia habari za treni, jinsi Mnyamwezi alivyolala ameshika kamba akidhani treni ni mbuzi, na wafiwa wakacheka mpaka wakashikana mabega, na mjane akacheka, na ndipo akapisha maiti ikazikwa.

"Sasa siku hiyo," akaendelea, "alikuja kijana wa utafiti na kinasa sauti. Alikuja kumrekodi Dominiko maisha yake. Akamkuta anazikwa. Basi akamrekodi aliyekuwa anaongea."

Nicolaus alikuwa ameanza kuchezea simu yake. Akasoma. "Ni kweli kuna andiko la utafiti mtandaoni," akasema polepole. "Linasema habari hizi zimepatikana kwa mzee mmoja kando ya kaburi. Jina hakuandika."

"Na kwamba watu walikuwa wanacheka, ameandika?" Madam Catherine akauliza.

"Hakuandika."

Madam Catherine akavaa miwani, akamtazama Mzee Mbwana kuanzia kofia mpaka kandambili.

"Mzee, mimi baba yangu alikuja kukata mkonge akitokea Urambo."

"Lo," akasema Mzee Mbwana. "Mnyamwezi, na umekalia kiti kinachozunguka. Nani aliyekupa?"

"Nilimpora Mzigua mmoja. Alikuwa amesinzia."

"Atakuwa shemeji yangu. Na kamba umeshika wapi, kisije kikakutoroka?"

Akacheka yule mama, kicheko kimetoka chini kabisa, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu Faudhia akavuta pumzi hadi mwisho. Nicolaus peke yake hakucheka. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa ametokea mahali ambapo msiba ni msiba.

"Mkuu, naomba tusichanganye utani na taaluma."

"Mwalimu, imeshachanganywa. Sisi ndio tunachambua."

"Basi tuchambue. Mzee anasema alidanganya msibani. Halafu akamdanganya mjukuu wake. Mimi nitajuaje kwamba na hapa hadanganyi, ili kumwokoa? Pengine binti aliitoa kwenye simu, na mzee amekuja kuivisha kanzu."

Mzee Mbwana alilipima swali lile kama alivyokuwa akipima mkonge, akaliona limefika kilo zake kamili. Ingekuwa ni yeye amekaa upande ule wa meza, angeuliza lile lile.

"Uliza unavyotaka," akasema.

"Nisimulie hadithi kama ulivyomsimulia binti. Kama ni wewe uliyempa, mtafanana. Mashine nimeiuliza mara tano, na mara zote tano ni kamba saba."

Hapo Mzee Mbwana akaona ardhi inateleza. Watu walimjua kwa kusimulia, lakini kurudia hakuwahi kurudia. Hadithi iliyotoka mdomoni mwake mara mbili ikifanana aliihesabu kuwa imekufa. Leo imekuwa ndiyo siku pekee maishani mwake anayotakiwa kusema uongo mmoja, ule ule, bila kubadilisha hata kifungo cha shati, na alikuwa hakumbuki alisema nini.

Akaanza. Treni ilifika jioni. Walikuwepo watu mia mbili. Hapana, mia. Treni ilikuwa na kiu, wakainywesha uji wa mtama kwa ndoo.

"Uji?" akasema Nicolaus.

"Wa mtama. Halafu wakaifunga kwa kamba tisa."

"Binti ameandika saba."

"Nilisema tisa?"

"Umesema tisa, mzee wangu."

"Basi nane," akasema Mzee Mbwana, akisogea katikati kwa nia njema, na mara moja akaona amezidi kuharibu. Faudhia alikuwa ameinamisha uso kwenye viganja. Kalamu ya Nicolaus iliandika, ikapiga mstari chini. Mashine mara tano, mara tano saba. Yeye mara moja, na kamba zimeshakuwa za aina tatu. Ikamjia kwamba kama mwongo mmoja kati ya wawili wale angeajiriwa, asingekuwa yeye.

"Faudhia," Madam Catherine akasema, "hilo kaunta buku uliloandikia unalo?"

"Ninalo Madam. Lakini humo niliandika ovyo ovyo."

"Lete."

"Madam, ni mambo yangu tu, si ya kusomwa."

"Mwanangu, hapa unaelekea kusimamishwa chuo. Lete."

Akalitoa kwenye mkoba, akalishika kidogo, kisha akaliachia, na macho yake hayakumtazama Nicolaus wala Madam. Yalimtazama babu yake, kama mtu anayeomba radhi kabla ya kosa. Madam Catherine akafungua, akatafuta, akasoma kwa sauti.

"Jumamosi. Kamba saba. Hapa babu amecheka peke yake. Jumapili, baada ya chakula. Kamba tisa. Nimemwuliza kuhusu jana, amesema mbili zilikuwa za akiba. Hapa babu ameangalia kuku. Treni ilikunywa uji wa mtama. Hapa bibi amepita na kusema astaghfirullah. Nadhani babu ananidanganya lakini amefurahi sana, nimeona nisimkatize."

Ufagio wa nje ulikuwa umenyamaza.

Mzee Mbwana hakujua aangalie wapi, na mle ofisini hakukuwa na kuku. Kumbe siku zile mbili walikuwa wanastahiana: yeye hakumkatiza mtoto kuandika, na mtoto hakumkatiza yeye kudanganya.

"Kama ulijua," Nicolaus akasema, na sauti yake ilikuwa imepoteza pasi, "kwa nini ukaiweka kwenye kazi? Kwa nini uji ukautoa na kamba saba ukaziacha?"

Faudhia alifunga zipu ya mkoba wake taratibu.

"Nilikuwa nimeshaifuta yote," akasema. "Halafu nikaona nisimhukumu babu bila ushahidi. Nikaiuliza simu: je, kuna treni iliwahi kufungwa kwa kamba kwenye mkonge wa Korogwe? Ikasema ndiyo. Kamba saba. Uji haikuutaja. Ndipo nikairudisha, nikaandika saba. Niliona aibu kwamba sikumwamini babu."

Mzee Mbwana alijaribu kuifuata kwa kidole: yeye alimsingizia marehemu, kijana wa kinasa sauti akaiamini, mashine ikamwamini kijana, na mjukuu wake, ambaye alimjua babu yake vizuri kuliko wote, akaiamini mashine dhidi ya akili yake mwenyewe. Uongo umezunguka dunia nzima umerudi Kabuku, na sasa unaitwa ushahidi. Akatafuta mahali pa kujivunia katika yote hayo. Hakupaona. Akatafuta mahali pa kukasirika, napo hakupaona.

"Kwa hiyo aliitumia," Nicolaus akasema hatimaye.

"Aliitumia kuuliza, hakunakili," Madam Catherine akasema. "Lakini Faudhia, hukusema. Tangu Jumatatu unaulizwa kama uligusa mashine, unasema hapana."

"Niliogopa Madam."

"Hilo ni kosa, na si dogo. Kazi hii imefutwa. Utaandika nyingine kwa wiki mbili, na kaunta buku litaambatanishwa, pamoja na kuku wake. Utaandika uliuliza nini kwenye simu na ilikujibu nini. Mwalimu unasemaje?"

Nicolaus alilikuta kaunta buku mkononi mwake bila kukumbuka kulichukua. Alikuwa akisoma ukurasa mwingine, kuhusu njaa na majani ya mkonge.

"Nakubali," akasema. "Na kuanzia sasa kila mwanafunzi ataleta la kwake." Kisha akakunja uso. "Ila wakianza kuiambia mashine iwaandikie na vicheko, na babu kuangalia kuku, tutafanyaje?"

Madam Catherine alitoa karatasi nyeupe, akamsogezea Mzee Mbwana.

"Mtani, na wewe kuna kazi yako. Andika kwamba habari ile ni utani wa msibani, si historia. Weka sahihi. Bila hiyo faili halifungwi, na binti yako hatoki humu."

Mzee Mbwana alishika kalamu. Miaka thelathini na mmoja aliandika kilo za mkonge na hakuwahi kukosea hata moja. Watu hawakulijua hilo, kwa sababu hakuwahi kulisimulia. Akaandika: *Mimi Mbwana, karani wa mizani mstaafu, mkazi wa Kabuku, nathibitisha kwamba treni haikufungwa.* Akasimama hapo. Mkono ulitaka kuongeza kwamba ilifungwa kidogo. Alipomtazama Faudhia, akaweka nukta, akaweka sahihi. Muhuri ukapigwa juu yake, dwaa, na alivyosikia mlio ule alihisi kama ni yeye amelala pale chini na mtani mwingine amekuja kukaa juu ya kifusi.

Wakati wa kuagana Nicolaus aliiambia simu yake kwamba habari ya treni si kweli, mwenyewe yupo hapa. Ile sauti laini ikashukuru kwa marekebisho, ikaomba radhi, ikasema kweli hakuna ushahidi wowote wa treni kufungwa. Mzee Mbwana akaona ni mashine yenye adabu. Madam Catherine akatoa ya kwake, akauliza swali hilo hilo. Ikasema kamba saba, ishara ya umoja na mshikamano.

"Si amekwisha kukataa sasa hivi?" mzee akauliza.

"Hiyo ni ile ya mwalimu. Hii haijasikia."

"Ni dada yake?"

"Ni yeye yule yule."

Mzee Mbwana akamfikiria Dominiko, amelala kwenye simu za watu wote, na katika kila moja ameshika kamba yake.

*

Chumba alichopanga Faudhia kilikuwa mtaa wa Kilole, na mbele yake kulikuwa na kibaraza cha saruji chenye kivuli kuanzia mchana. Akamletea babu yake maji, chapati na maharage. Akakaa chini, akafungua kaunta buku ukurasa mpya, akaandika tarehe.

"Haya babu. Wiki mbili ninazo. Nataka ile ya kweli."

"Ya kweli ipi?"

"Hukuitoa hewani tu ile hadithi. Kuna kitu kilifungwa kamba. Ni nini?"

Mzee Mbwana alitafuna chapati muda mrefu kuliko chapati ilivyohitaji. Kwa miaka mingi alikuwa amejenga juu ya kitu kile, chumba juu ya chumba, hata mlango wa kuingilia hakukumbuka uko wapi. Akapapasa.

"Ni toroli," akasema. "Pale shambani kulikuwa na reli ndogo, ya matoroli ya kubebea mkonge kwenda kiwandani. Siku moja breki ya toroli ikafa kwenye mteremko, limejaa, na chini kuna kambi, wanawake wanapika. Dominiko akatupa kamba kwenye toroli, akaizungushia kwenye kisiki, akaishika. Kamba moja. Kelele zikapigwa, watu wakakimbia, ikachukua muda mpaka tukaja kuweka mawe. Alikuwa bado ameishika. Viganja vyake havikufunguka siku tatu, akalishwa na mkewe kwa kijiko. Ndiyo nikaanza kumtania kwamba amelinda mbuzi. Hakupenda watu wamsifu. Utani aliupenda."

"Msibani ulilisema hilo?"

"Msibani walikuwa wanalia tayari."

Faudhia aliandika, ulimi umetoka kidogo pembeni. Alipomaliza akamtazama babu yake usoni, akamtazama sana, kama mtu anayesoma mizani. Mzee Mbwana akajikuta hajui sura yake iko vipi. Siku tatu za kijiko, zilikuwa tatu? Au mbili, na moja ya akiba? Kisiki alikiona wazi. Kamba aliiona. Ila alikuwa anaiona vile vile na treni ikinywa uji.

Faudhia akainama, akaandika mstari mmoja mfupi ukingoni mwa ukurasa. Mzee Mbwana akanyoosha shingo akausoma kichwa chini miguu juu, kama alivyozoea kusoma magazeti ya nyama.

*Hapa babu hakucheka.*

Akarudi akaegemea ukuta. Kicheko kikamjia kutoka mbali, hakujua cha nini, cha kweli au cha uongo, kikapanda tumboni, kikafika kooni kikabisha hodi. Akakikumbatia kwa mikono miwili, akakaza meno, akaangalia barabara. Mtoto ameshaandika kwamba hakucheka, na wiki ni mbili tu.